Ganda Lilitangulia: Pizza ya Kombe Kati ya New Haven, Msambweni na Litein

Ganda la bahari lilifika nyumbani kwetu kabla ya nyama yake. Kibuyu cha maziwa cha Kogo, yaani bibi yangu, kile ambacho sisi Wakipsigis tunakiita sotet, kimevishwa ukanda wa ngozi, na kwenye ukanda huo zimeshonewa simbi saba. Zimelainika migongo kwa kushikwa na wanawake watatu: mama yake Kogo, Kogo mwenyewe, na mama yangu. Kutoka kwetu Litein, Kericho, hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 700. Nilikua nikiziona simbi hizo kila mursik, maziwa yetu ya kuchacha, ilipomiminwa, na sikumbuki hata mmoja wetu akiuliza kama mnyama aliyeishi humo ndani alikuwa mtamu.

Nimekuja kuuliza ukubwani, kwa sababu ya mkate. Nilikuwa nimezoea kuoka pizza nyumbani kwa jiko la makaa, nikasoma habari za mji mmoja wa Marekani ambako pizza yenye sifa kuliko zote ni ya kombe. Dada yangu ameolewa Msambweni, kusini mwa Mombasa, kwa hiyo kombe nilijua pa kuwapata. Nilidhani kazi iliyobaki ni kuwaleta Kericho na kuwasha jiko.

Mji wenyewe ni New Haven, jimbo la Connecticut. Frank Pepe alizaliwa mwaka 1893 Maiori, mji mdogo wa pwani karibu na Amalfi, kusini mwa Italia. Alivuka Atlantiki angali kijana, na mwaka 1925 yeye na mkewe Filomena wakafungua duka la pizza katika mtaa wa Wooster, lenye tanuri la makaa ya mawe. Kwa miaka mingi kombe walikuwamo dukani humo lakini si juu ya mkate. Waliletwa mezani wabichi, wamefunguliwa, mteja akiwala huku akingoja pizza itoke motoni. Ni katika miaka ya 1960 ndipo walipopandishwa juu ya unga. Pizza hiyo haina nyanya, wala haina lile jibini laini linalovutika kama ulimbo. Ina kombe, kitunguu saumu, mafuta ya zeituni, oregano, na pecorino iliyokwaruzwa, yaani jibini kavu la maziwa ya kondoo. Basi. Tanuri linapita nyuzi 300, na mkate unatoka na madoa meusi ambayo mgeni hudhani umeungua.

Miaka hiyohiyo ya 1920, kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilikuwa zikipanda chai juu ya ardhi ya Kericho iliyokuwa malisho na msitu wa watu wetu. Nalitaja hilo kwa sababu vyakula vya New Haven na vya Kericho ya leo vimeumbwa na kitu kimoja: watu waliofuata kazi mbali na kwao. Waitaliano wa mtaa wa Wooster walifuata viwanda. Kambi za chai zilijaa Wakipsigis, Wakisii, Waluo na Waluhya, na kila kabila lilikuja na sufuria yake. Nitarudi hapo.

Kule Italia kuna desturi ambayo haikuandikwa popote lakini mpishi yeyote anaijua: kitoweo cha baharini hakinyunyiziwi jibini. Mwagizie Mnapoli tambi za kombe kisha uombe jibini, uone atakavyokutazama. Pizza ya New Haven imevunja desturi hiyo hadharani. Iliivunja baada ya safari ya meli na miaka arobaini ya kuishi kando ya bahari nyingine, yenye kombe wengine, wanene na wenye chumvi zaidi. Siioni kama dharau kwa wazee wao. Naona watu waliokuwa na njaa ya kwao, wakaishibisha kwa kilichokuwa karibu.

Na kombe wa huko ana historia yake. Kabla ya Mzungu yeyote kufika, wenyeji wa pwani ile walimla, na kutokana na ganda lake lenye zambarau kwa ndani walichonga shanga za wampum, za heshima na mapatano. Katika karne ya 17 walowezi wa Kiingereza walizitumia shanga hizo kama fedha. Hapa kwetu simbi nayo ilikuwa fedha. Mganda mpaka leo akitaja pesa anasema ensimbi, ingawa anachokishika mkononi ni noti. Pande mbili za dunia zilitazama ganda zikaona thamani. Tofauti ni kwamba wao waliishi kando ya bahari, wakala nyama kisha wakavaa ganda. Sisi wa milimani tulipata ganda peke yake.

Nilikwenda Msambweni wakati wa bamvua, siku za mwezi mpevu, maji yanapopwa mbali kabisa na kuuacha mchanga wazi na majani ya baharini yamelala. Mama mkwe wa dada yangu alitangulia na ndoo, kisu butu, na leso aliyoifunga kiunoni. Hakuwa akichimba ovyo. Alikuwa akitembea taratibu, akipapasa kwa nyayo. Akikanyaga ukingo mgumu anainama, anatia kisu ubavuni, anakibinua, na kombe anatoka: ganda la rangi ya udongo, lina mifuo iliyonyooka kama ya bati la paa, na manyoya mafupi pembeni. Nilimchukua mmoja nikataka kumfungua palepale nione ndani.

"Mwanangu, usimfungue hapa," aliniambia. "Ukimfungua umemwaga maji yake, na maji ndiyo mchuzi."

"Sawa, Bi Mkubwa," nikasema, nikamrudisha ndooni. Mmoja nilikuwa nimeshampasua kwa haraka yangu, na kilichonitoka vidoleni kilikuwa chekundu. Kombe wa aina hii ana damu nyekundu, si kama chaza, wala si kama yule wa New Haven. Niliyaona hayo nikayapuuza. Yalikuja kunikabili baadaye, jikoni kwetu.

Huko Msambweni hawamchanganyi na jibini wala maziwa ya ng'ombe. Bi Mkubwa aliwachemsha mpaka wakaachama wenyewe, akawatupa wawili waliokataa kufunguka, akatoa nyama, akaosha mchanga, akaikaanga kwa kitunguu, bizari na ndimu, kisha akaimiminia tui zito. Tulikula kwa chapati. Nikiwa nachovya nilijiuliza ninachohangaikia ni nini, kwa sababu mkate bapa wenye kombe ulikuwa tayari mkononi mwangu, ila tu vilikutana mdomoni badala ya kukutana motoni. Na Kiswahili chenyewe kilishaviweka pamoja zamani. Kombe ni mnyama wa ganda, na kombe pia ni sahani kubwa ya kupakulia.

Watu wa pwani wana mikate mingi: mkate wa mofa wa tanurini, mkate wa kumimina, mkate wa mayai wenye nyama ya kusaga. Ile inayoitwa pizza ya Zanzibari, inayokaangwa jioni pale Forodhani, ni ndugu wa mkate wa mayai, na wote wawili ni jamaa wa mutabbaq ya Uarabuni, jina ambalo maana yake ni kilichokunjwa. Donge linavutwa mpaka linakuwa kama karatasi, linatiwa nyama, yai, kitunguu, siku hizi hata jibini, kisha linafungwa kama bahasha juu ya chuma cha moto. Mwitaliano anaacha wazi, Mswahili anakunja. Sidhani mmoja ni asili na mwingine ni mwigo, ingawa jina limeazimwa kwa ajili ya wageni. Mkate uliokunjwa huhifadhi maji ya kilichomo, na ulio wazi huyakausha na kuyakoleza. Kwa kombe, ambaye uhai wake wote umo kwenye maji yake, hilo ni jambo kubwa. New Haven wanalitatua kwa moto mkali na muda mfupi. Bi Mkubwa analitatua kwa tui.

Nilisafirisha kombe arobaini, wazima, ndani ya gunia bichi lililozungukwa na barafu. Basi la usiku liliharibika njiani, tukakaa kando ya barabara saa tano, na barafu ikayeyuka yote. Nilipofika Litein niliwamwaga kwenye karai nikaanza kuwagonga mmoja mmoja. Kombe mzima akigongwa hujifunga. Aliyeacha mdomo wazi amekufa, na hapo hakuna kuonea huruma nauli uliyolipa. Waliojifunga walikuwa kumi na mmoja.

Donge lilikuwa tayari tangu jana yake, kwa kuwa nilikuwa nimempigia mama aniandalie: gramu 500 za unga wa ngano, mililita 325 za maji, gramu 10 za chumvi, na robo ya kijiko kidogo cha hamira. Sisi wa ukanda wa chai tuna bahati ambayo waokaji wa pwani hawana. Usiku wa Kericho ni baridi, na baridi huichelewesha hamira. Donge lililofunikwa likaachwa mezani hadi asubuhi huamka polepole, likapata uchachu mwembamba ambao donge la saa mbili haliupati. Ila hapa tupo kama mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na hewa iliyomo ndani ya donge hutanuka upesi zaidi ikipata moto. Ukilijaza hamira kwa kipimo cha Mombasa litafura kisha lianguke. Unga wenyewe si mgeni: ngano inalimwa kwa wingi Narok, jirani wa Bomet, na hakuna boma la huku ambalo halijui chapati, hasa bonasi ya chai inapolipwa.

Tanuri sina. Nina jiko la makaa, pani nzito ya chapati, na sufuria pana ya kufunikia iliyojazwa makaa mgongoni. Pani nailaza motoni peke yake mpaka tone la maji likiangukia liruke. Donge nalitandaza kwa vidole, kamwe si kwa kifimbo, maana kifimbo hufukuza hewa yote. Kombe nilikuwa nimewafungua juu ya bakuli ili nisipoteze maji. Nikapaka mafuta na kitunguu saumu, nikapanga nyama kumi na moja, nikanyunyiza jibini kavu nililolinunua Nairobi, nikadondosha maji ya kombe vijiko viwili, nikafunika. Dakika kumi. Ukingo ulifura ukapata madoa, katikati palikuwa pakavu vya kutosha, na harufu iliyotoka ilikuwa ya bahari, humo jikoni, huku nje mvua ikinyesha juu ya majani ya chai.

Ilikuwa tamu. Nalisema hilo wazi, kwa sababu kinachofuata si lawama kwa pizza. Niliikata vipande nikampelekea Kogo cha kwanza.

Alikishika kwa mikono miwili, akakigeuza, akakirudisha sahanini.

"Hii ni nyama?"

"Ni kombe, Kogo. Anatoka baharini."

"Alikuwa na damu?"

Nikakumbuka vidole vyangu pale ufukweni. "Alikuwa nayo."

"Basi ni nyama," alisema, "na hicho cheupe ni maziwa. Na mimi nimekunywa mursik asubuhi."

Wazee wa Kikalenjin hawachanganyi nyama na maziwa. A. C. Hollis aliyaandika hayo kwa jamaa zetu Wanandi katika kitabu alichokichapisha mwaka 1909, na Kogo hajamsoma Hollis. Maziwa na nyama vyote ni vya ng'ombe, na ng'ombe ndiye uhai wa boma. Aliyekunywa maziwa alisubiri kabla ya kula nyama, na aliyekula nyama alisubiri vilevile. Wayahudi nao, kwa Taurati yao, wametenganisha nyama na maziwa, na zaidi ya hapo kila cha majini kisicho na mapezi na magamba kwao ni haramu, kwa hiyo pizza ya kombe ingewakwaza kwa kombe mwenyewe. Waswahili walio wengi hufuata madhehebu ya Shafii, ambayo huhalalisha viumbe vya bahari, ilhali Mhanafi hula samaki na kumwacha kombe. Mnapoli anakataa jibini juu ya kombe kwa ajili ya ulimi wake tu. Sababu zao hazifanani, na ningekosa adabu nikiziweka kapu moja. Lakini kila mmoja wao akikaa mezani anauliza swali lilelile la Kogo: hiki kinakaa na nini? Kitabu cha mapishi hakiulizi. Kinakupa vipimo na moto, kisha kinakuachia nyanya yako.

Hapo ndipo nilipobadilisha mawazo. Nilikuwa nimeichukulia pizza ya New Haven kama orodha ya vitu vya kutafuta, nikatafuta kila kimoja kwa gharama na kwa kombe ishirini na tisa waliokufa. Kumbe ilizaliwa kwa njia iliyo kinyume. Pepe hakuagiza kombe wa Maiori. Alitwaa mkate alioujua, akaweka juu yake kilichochumwa karibu, akakiongezea jibini na kitunguu saumu. Anayetaka kuifuata kweli kweli huku kwetu hana haja na gunia la barafu. Aulize wanawake wa hapa huchuma nini asubuhi.

Wanachuma chai, naam, lakini hiyo ni ya kiwanda. Cha chungu ni saga, isagek kwa Kikipsigis, na managu. Saga ni chungu. Mama huichemsha, humwaga maji ya kwanza, huitia maziwa na krimu, huiweka usiku, huichemsha tena, na siku ya pili ndipo uchungu unapokubaliana na maziwa. Niliposonga donge la pili nilichukua saga ya siku ya pili, nikaikamua isiloweshe mkate. Badala ya jibini la Nairobi nilitundika maziwa mala yenye chumvi ndani ya kitambaa usiku kucha, yakabaki mazito ya kupakika. Kitunguu saumu, samli, moto. Mala iliganda juu ikapata rangi ya kahawia, na uchachu wake ulifanya kazi ambayo pecorino inaifanya kwa kombe: uliushika uchungu wa saga kama ile chumvi inavyoushika utamu wa nyama ya ganda. Hakuna damu, hakuna mwiko. Kogo alikula vipande viwili na kuuliza kama kuna cha tatu.

Bado nilitaka kitu chenye maji ndani yake. Jirani yetu, aliyekulia kwenye kambi ya chai kwa wazazi waliotoka Nyanza, ndiye aliyenifumbua macho. "Dada, bahari yenu ni ziwa," alisema, na kunipa mkebe wa omena, dagaa wa ziwani. Alisema kweli. Maji ya Itare na Kipsonoi, mito inayopita kwenye vilima vyetu, huishia Mto Sondu, na Sondu huingia Ziwa Victoria. Mvua ile iliyokuwa ikinyesha juu ya chai nikioka kombe, baadhi yake ilikuwa njiani kwenda kwa omena. Hata mwezi unatawala kote kuwili, ila kinyume. Bi Mkubwa hungoja bamvua, na mwezi mpevu ni mmoja wa nyakati zake. Mvuvi wa omena hutaka usiku wa giza, ili taa yake iwe ndiyo mwezi pekee ambao samaki anauona. Kombe wa ziwani wapo pia, lakini maganda yao tunayajua kama unga ndani ya chakula cha kuku.

Omena nikawaosha kwa maji moto, nikawakausha, nikawakaanga mpaka wakatoa sauti kwenye pani. Pizza yao sikuiwekea maziwa ya namna yoyote. Nilipaka nyanya, kitunguu saumu na oregano, ambayo ndiyo marinara ya Napoli isiyo na jibini, na omena wakakaa pale ambapo Waitaliano wangeweka anchovi. Kogo hakuonja, kwa sababu hajawahi kula samaki na sikumwomba aanze. Mama alionja kidogo. Watoto waliimaliza.

Kwa hiyo siku hizi Jumamosi naoka mbili, kila moja na pani yake: ya saga na mala upande wa Kogo, ya omena upande wa watoto na jirani. Najua hoteli za mjini huweka kuku, nyama ya ng'ombe, nanasi na jibini la aina mbili juu ya donge moja, na watu wanafurahi. Mimi hapo nahisi kelele. Ile ya New Haven ilinifundisha uchache, na Kogo akanifundisha mpaka upite wapi.

Maganda ya kombe waliokufa niliyaponda nikawapa kuku. Yale ya kumi na mmoja, ishirini na mawili kwa jumla, niliyasugua kwa jivu nikayaanika kwenye ukingo wa dirisha. Kogo aliyatazama siku tatu bila kusema kitu. Siku ya nne alimwita mama alete msumari na jiwe. Ganda la kwanza lilipasuka. La pili lilikubali tundu, na alipolipitishia uzi wa ngozi alilisogeza mwangani, akapitisha kidole kwenye mifuo yake, kisha akalishona mwisho wa mstari, baada ya simbi ya saba.